Pumzi yako na ule mstari mrefu

Shosti wangu, mwangaluka! Nansio hamjambo?

Voisi uliyonitumia ukiimba ule mstari mrefu wa wimbo wa kwaya nimeisikiliza, nikairudia, na nakwambia ukweli sauti unayo, tena nzuri sana. Shida iko mwisho wa mstari, noti inaanza safi afu inashuka tuni na kutetemeka, na kabla ya hapo nasikia unavuta hewa kwa nguvu mpaka kwenye rekodi inasikika. We unadhani hewa haitoshi ndo maana unazidi kuvuta, kumbe ipo ya kutosha ila inaishia yote kwenye maneno mawili ya kwanza. Kwenye kuimba kazi kubwa ni kuitoa, shosti, kuvuta ni kazi ndogo.

Chini ya mapafu kuna ule msuli wa kiwambo, ukivuta hewa unashuka na kusukuma vya tumboni, ndo maana tumbo linatoka mbele na mbavu zinatanuka pembeni. Ukianza kuimba vyote vinataka kurudi haraka, sasa we unabaki umezishikilia zile mbavu bila kujikaza, hewa itoke kidogo kidogo. Ikija kwa mkupuo nyuzi za sauti zinazidiwa, hapo ndo koo linakaza.

Anza umelala chali kwenye mkeka, kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, vuta kwa pua taratibu mpaka kitabu kiinuke, kifua na mabega vitulie. Ukishazoea simama ufanye hivohivo. Afu sasa toa hewa kwa "ssss" kama tairi la baiskeli lenye pancha ndogo, na usihangaike na saa, sikiliza mlio tu, uwe sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Hilo zoezi mi nalipenda kuliko yote kwa sababu halidanganyi, ukisukuma sana unasikia hapohapo. Likikaa sawa badilisha iwe "zzzz" ili sauti iingie.

Lingine ni la mrija. Weka maji kwenye glasi, zamisha mrija kidogo tu, imba "uuu" humo ndani mapovu yatoke mfululizo bila kukatika. Ile hewa inayozuiwa inasaidia nyuzi zigongane kwa upole, hata ukiwa umechoka baada ya mazoezi ya kwaya linafaa. Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti wa huko Marekani, kalitafiti sana hili la mrija.

Ukisikia kizunguzungu acha, kaa chini, pumua kawaida. Na usifanyie karibu na wanaobanika samaki, najua huko mwaloni moshi haukosekani na koo linaukataa. Wala usifanye ukiwa umetoka kushiba ugali na sato, kiwambo kitashukia wapi?

Afu chukua penseli uweke alama kwenye karatasi ya wimbo, wapi unapumua, usikate neno katikati. Ile noti ndefu ya mwisho ongea na dada wa pembeni yako mpokezane, mmoja avute wakati mwingine anashikilia, mkirudi mnaingia kwa sauti ndogo, watu hawatajua kama kuna aliyepumua. Mwambie na mwalimu awapangie zamu hizo za kupumua wote wa sauti ya kwanza.

Nitumie voisi nyingine kabla ya Jumapili, ule mstari tu, usirekodi wimbo mzima. Msalimie mama sana.

Wako wa sauti ya pili, Mwanza.