Matubwitubwi shuleni: tusiishie kuhesabu mashavu

Mhariri,

Nimefanya kazi ya utabibu kwa miaka ishirini na minne, kumi na mmoja ya mwisho nikiwa katika zahanati moja ya Kaunti ya Nakuru ambako wanafunzi wa shule za bweni za jirani huletwa wakiugua. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini naamini kwamba matubwitubwi, ugonjwa tuliozoea kuuona kama jambo la utotoni lisilostahili hata kuandikiwa barua, unapaswa kufuatiliwa kwa njia ile ile tuliyofuatilia korona, yaani kwa kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe.

Jumatatu moja matroni aliniletea mvulana wa kidato cha pili aliyejizungushia sweta shingoni ili wenzake wasimwone. Shavu lake la kushoto lilikuwa limefura hadi pembe ya taya haionekani, na ndewe ya sikio ilikuwa imesukumwa juu na nje. Aliniambia kwamba tangu Jumamosi hajaweza kutafuna githeri, na kwamba mwenzake alipompa kipande cha chungwa alitokwa na machozi, kwa kuwa kitu kichachu huiamsha tezi ya mate na tezi iliyovimba haina pa kuyamwaga. Kufikia Ijumaa walikuwa tisa, wote wa bweni moja. Niliwapa dawa ya maumivu, nikashauri watengwe kwa siku tano, nikatuma idadi yao kunakohusika. Karibu wiki tatu baadaye, shule ya wasichana iliyo upande wa pili wa mji ikaanza kuwa na wagonjwa, na matroni wa huko akanipigia simu akaniuliza, “Daktari, hawa wetu wameupata kwenu?”

Sikuwa na jibu, na sikuwa na njia ya kulipata. Shule hizo mbili zilikuwa zimekutana kwenye tamasha la muziki, lakini pia likizo fupi ya katikati ya muhula ilikuwa imepita, na wanafunzi walikuwa wamekwenda nyumbani Kisumu, Kakamega, Eldoret na kwingineko kisha wakarudi wakiwa wamebanana kwenye matatu. Tangu mtu aambukizwe hadi shavu livimbe hupita siku 12 hadi 25, na wakati huo wote huwa hajui kitu. Tena mgonjwa huanza kuwaambukiza wengine siku mbili hivi kabla ya uvimbe kuonekana, na wapo wanaoambukizwa wasivimbe kabisa. Kwa hesabu za tarehe peke yake, kisa cha tamasha na kisa cha likizo vyote viwili vilikubalika. Jibu lilikuwa katika mate ya wale wavulana tisa, nami sikuyachukua.

Niseme kidogo jinsi mate hayo yanavyosema. Kirusi cha matubwitubwi hubeba maagizo yake katika uzi mmoja wa RNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba vyake, wenye herufi 15,384, ambao ndio tunaouita jenomu. Kila kinapojinakili ndani ya mwili hutokea makosa ya hapa na pale, na katika muda wa mwaka mzima makosa machache tu ndiyo hubaki na kurithishwa kwa virusi vinavyofuata. Uchache huo ndio unaotufaa. Ikiwa virusi vya bweni la wavulana na vya shule ya wasichana vina makosa yale yale mahali pale pale, basi chanzo chao ni kimoja na cha karibuni. Ikiwa vinatofautiana kwa herufi nyingi, basi hizo ni njia mbili zilizoingia mjini kila moja kwa wakati wake, na kulilaumu tamasha la muziki kungekuwa ni kulionea.

Kwa miaka mingi maabara duniani zimesoma kipande kimoja tu cha jenomu hiyo, jeni fupi iitwayo SH, yenye herufi 316, na kwa kipande hicho Shirika la Afya Duniani hutambua aina 12 za kirusi hiki, zilizopewa herufi kuanzia A hadi N, zikiachwa E na M. Kipande hicho kinatosha kukuambia aina. Hakitoshi kukuambia njia, na hili lilidhihirika katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako mwaka 2016 na 2017 matubwitubwi yalienea katika vyuo vikuu kadhaa, wagonjwa wengi wakiwa ni vijana waliokwisha kuchanjwa. Watafiti walisoma jenomu nzima 201 kutoka Massachusetts na majimbo mengine, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2020 wakaonyesha kwamba ule uliodhaniwa kuwa mkurupuko mmoja ulikuwa na nasaba kadhaa za virusi zikizunguka kwa pamoja, na kwamba kundi la wagonjwa wa mtaani ambalo halikuonekana kuwa na uhusiano wowote na wanafunzi lilikuwa katika mnyororo mmoja nao. Wangesoma SH peke yake, wagonjwa hao wangeonekana karibu wote wamefanana.

Sidai kwamba vinasaba humtaja mtu. Virusi viwili vinaweza kuwa sawa herufi kwa herufi na bado usijue ni nani aliyemwambukiza mwenzake, kwa hiyo daftari la bweni, namba ya kitanda, tarehe ya shavu kuvimba na safari alizofanya mtoto vitaendelea kuhitajika. Sampuli pia iende na namba, jina libaki zahanati. Sioni faida yoyote ya kumfanya mtoto wa watu aitwe shuleni mleta ugonjwa.

Najua wapo watakaosema kwamba huu ni ugonjwa mdogo. Nilipokuwa mtoto huko Butere nyanya yangu alinitwika ukuni kichwani, akaniambia nikimbie nizunguke mti, niutupe hapo na nirudi bila kugeuka nyuma, kwa kuwa atakayeuokota ndiye atakayeuchukua ugonjwa. Sina neno baya kwa desturi hiyo, kwani wazee walielewa vema kwamba matubwitubwi hutoka kwa mtu yakaenda kwa mwingine. Lakini nimewaona pia vijana waliobalehe wakishindwa kutembea kwa uvimbe wa korodani, na mzazi mmoja aliyegundua miezi miwili baadaye kwamba binti yake hasikii kwa sikio la kulia. Kirusi hiki huweza pia kuingia kwenye utando wa ubongo. Chanjo ya serikali ambayo watoto wetu hupewa wakiwa na miezi 9 na miezi 18 ni ya surua na rubela, haina kinga ya matubwitubwi. Ile yenye kinga zote tatu hupatikana kwa kulipia katika hospitali za kibinafsi. Ikiwa siku moja tutajadili kama taifa tuibadilishe chanjo hiyo ya serikali au tuiache ilivyo, nitafurahi majadiliano hayo yakianza tukiwa na ramani ya kirusi kinachozunguka hapa kwetu, badala ya takwimu za Massachusetts.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Wasomaji wa Kisumu wanakumbuka Mei 2021, korona ya aina ya Delta ilipotambuliwa katika kaunti yao kwa kusoma jenomu, na mwezi uliofuata kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na Magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja jioni. Kusoma virusi si jambo la kigeni tena nchini, na katika eneo letu KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo chake cha utafiti pale Kisian, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, penye wataalamu waliozoea kazi za aina hii kwa miaka. Kinachokosekana ni sampuli kufika.

Na kuichukua ni kazi ndogo. Mhudumu husugua polepole tezi ya shavu kwa nje kwa sekunde 30 ili mate yatoke kwenye mfereji wake, kisha hupitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, karibu na magego ya juu, akakitia katika chupa yenye maji ya kuhifadhia virusi. Ifanywe ndani ya siku tatu za kwanza za uvimbe, na chupa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Hapo ndipo zahanati nyingi hukwama, kwa sababu friji tuliyo nayo ni ya chanjo na sampuli za wagonjwa haziruhusiwi kuwekwa humo, nami nakubaliana kabisa na katazo hilo. Kisanduku cha barafu kingetosha, kwa kuwa kifurushi kikiondoka Nakuru asubuhi hufika Kisumu kabla ya saa tisa alasiri.

Ombi langu kwa idara za afya za kaunti zetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, ni kwamba kabla ya muhula ujao kila zahanati inayohudumia shule za bweni ipewe vijiti kumi, chupa kumi na kisanduku kimoja, na ielezwe sampuli zipelekwe kwa nani. Hatuhitaji kumpima kila mtoto. Watatu au wanne wa mwanzo katika kila shule wangetosha. Naomba pia majibu yarudi kule sampuli zilikotoka, hata kwa ujumbe wa simu, maana mhudumu aliyetuma mate ya watoto mara moja na asisikie chochote hatatuma tena.

Tabibu,
Nakuru