Tela la Ugalla, na ombi langu kwako fundi wa boti

Tabora,
Mwezi wa nane.

Kwa swahiba wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Kibirizi, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila jua la kiangazi limekaza.

Uliponipigia kuuliza tela limefikia wapi nilikujibu kwa mkato, kwa sababu nilikuwa karakana na grenda ilikuwa inapiga kelele. Leo nimekaa nikuandikie kwa kirefu. Nina ombi kwako, na huwezi kulijibu kabla hujakijua chombo chenyewe.

Ninachotaka ni tela la kulala porini, livutwe na Hilux yangu, lipite njia za mizinga ya nyuki kule Sikonge na Ipole, kisha lifike Ugalla. Lile pori la akiba limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019. Mto wake unaingia Malagarasi, na Malagarasi unamwaga maji yake ziwani kwenu, kwa hiyo wewe pia ni jirani wa pori lile. Kazi ya nyuki imenizungusha humo miaka mingi, nikilala chini ya turubai kando ya gari. Sasa nataka mama watoto na wanangu nao waione miombo inavyochipua majani mekundu kabla mvua haijanyesha. Ni uzuri ambao siwezi kuwasimulia wakauelewa.

Kila anayepita karakana ananiuliza kitanda kitakaa wapi na jiko litafungukaje. Hayo ni ya mwisho. Mimi nimeanza na uzito, na kila ninapotaka kuongeza kitu naurudia. Tela tupu lisizidi kilo 380. Maji lita 60 ni kilo 60 kamili. Vyakula, vyombo, matandiko, betri na zana nimevipa kilo 160. Jumla 600. Likivuka hapo, kwenye kichanga cha huku Hilux itazama na tela litaikalia kama nanga.

Uzito huo ukae wapi, hilo nalo ni somo. Ekseli nimeisogeza nyuma kidogo ya katikati, ili mbele pabaki na mzigo unaokandamiza ndoano ya gari. Mafundi wa matela wanataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kwangu kilo 60 hadi 90. Mbele pakiwa pepesi kuliko hapo, ukikanyaga mafuta kwenye lami ya Sikonge tela linaanza kuyumba mkia, na likishaanza halitulii kirahisi. Mbele pakizidi uzito, nyuma ya gari inalala na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Nitapima kwa mizani yetu ya asali: naiweka chini ya ncha ya mkono wa tela, ule unaoshika gari, tela likiwa limejaa vitu na limesimama sawa, kisha nahamisha tenki la maji mbele au nyuma mpaka namba ikubali. Kwa sasa tenki limekaa chini, karibu na ekseli, maana maji yanapungua siku hadi siku nami sitaki mizani ibadilike kila tukioga.

Fremu ni skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. Mkono ni wa pembetatu, wa bomba la 100 kwa 50, na mabomba yake hayaishii kwenye fremu ya mbele. Yanapita chini yake hadi yanapofungwa springi. Hapo nilibishana na kijana anayenichomelea. Yeye alitaka kuzungusha moto pande zote za bomba pale linapopita chini ya fremu. Nikamwambia hapana, achomelee kufuata urefu wa bomba, asikate kwa upana upande wa chini. Pale ndipo mkono unapopinda zaidi gari likiruka bondeni, na ufa wa chuma huanzia kwenye mshono uliokaa kwa upana. Amekubali, na kazi yake ni safi, nitakuonyesha. Nimemkataza pia kugusa springi kwa moto wa aina yoyote. Chuma cha springi kikipata joto la kuchomelea kinapoteza ugumu wake, kinakuja kukatika porini.

Springi zenyewe ni za nyuma za Hilux kuukuu, na nimezipunguza majani, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa juu kwa juu. Zilitengenezwa kubeba karibu tani nzima. Ukiziacha zilivyo chini ya tela jepesi, litarukaruka njia yote na mayai hayatafika. Magurudumu ni yale yale ya gari, ringi za matundu 6, ili tairi la akiba moja litumike pande zote mbili. Upana kati ya magurudumu nao ni sawa na wa gari, tela likanyage humo humo gari lilimokanyaga. Kwenye mchanga hilo linasaidia kuliko unavyodhani. Nikifika kwenye kichanga kirefu nitapunguza upepo wa matairi yote, ya gari na ya tela, nishuke hadi kama psi 20, na pampu ya kujazia itakuwa kwenye gari.

Kuunganisha, sikutaka ule mpira wa chuma wa milimita 50 unaouona kwenye matela ya mjini. Gari likiinama kushoto na tela kulia, mpira unafika mahali unagoma kugeuka. Nimechukua ndoano na pete, kama za malori ya jeshi, inayoruhusu tela kuinama lipendavyo. Inagongagonga kidogo njiani, nitaivumilia. Chini yake minyororo miwili inapishana, ili pete ikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo usichimbe barabara.

Friji sitaweka. Najua utanipinga kwa ajili ya samaki wako. Betri ya asidi ya 12 volti na ampea-saa 100 inakupa wati-saa 1200 kwenye karatasi, lakini ukitaka ikae muda mrefu tumia nusu yake tu. Hiyo inatosha taa na simu siku kadhaa, na paneli ya wati 100 inairudisha. Migebuka ije imekaushwa.

Rangi ilizua mjadala nyumbani. Watoto walitaka buluu. Nimewaeleza kwamba ndorobo hufuata buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Tutapaka rangi ya mchanga.

Sasa ombi. Sanduku ni playwudi juu ya fremu, pembe zake za mninga, na hema litafunguka juu yake tulale mbali na siafu. Shida yangu ni vumbi. Tela likienda, nyuma yake hewa inakuwa nyepesi na inavuta vumbi la magurudumu, likapenya kila tundu. Kwa hiyo mlango nimeutoa nyuma nimeuweka ubavuni, na mbele juu nitatoboa tundu lenye chujio, upepo uingie ndani usukume vumbi litoke. Lakini viungo vya mbao bado vinanisumbua. Mbao za huku hukauka kiangazi zikaachana, masika zikavimba. Mpira wa mlango najua kuuweka. Viungo sijui, na wewe umekalafati boti, umeziba viungo vya mbao kwa pamba na mafuta, maisha yako yote.

Niambie, kwenye kiungo ambacho hakilali majini, kinachokauka nusu mwaka, pamba na mafuta vinakaa au vinadondoka? Au niache kukalafati kabisa nigonge mbao ulimi wa moja uingie kwenye mfereji wa nyingine, nitie gundi? Na kona za chini, kule ambako jiwe litagonga, nifunike bati kwa nje, au bati litashika unyevu mbao ioze kwa ndani? Hilo la bati ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu playwudi nimeshaikata na siwezi kuendelea kabla sijapata jibu lako.

Ikiwezekana usiandike, njoo. Panda treni, nitakupokea stesheni. Uje na patasi zako za kukalafatia, maana za huku sizioni madukani. Uje kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa mbuga za udongo mweusi zikilowa hakuna tela litakalopita, langu wala la mwingine. Ukiwahi, twende wote safari ya kwanza hadi Ipole, tulijaribu likiwa na mzigo wake kamili, ndipo tuombe kibali cha Ugalla.

Mama watoto anamsalimu sana shemeji, anasema mawese yaliyokuja mara ya mwisho yamekwisha.

Swahiba wako,
Tabora.