Binamu, usiache didgeridoo juani

Binamu yangu,

Ile sauti uliyonirekodia ukijifunza kupiga didgeridoo, lile bomba refu la mti la kupuliza la wenyeji wa Australia, niliifungulia jikoni hapa Darwin, Australia, mke wangu akauliza anachinjwa mbuzi gani. Usikate tamaa. Nakujibu hadharani kwa kuwa kila anayeiona nyumbani kwangu huniuliza maswali hayo hayo.

Kosa lako nimelisikia: unapuliza kama unayewasha kuni mbichi. Acha nguvu. Legeza midomo, itetemeke vile tunavyomchezesha mtoto mchanga, brrr, kisha toa pumzi ndogo tu. Ukikaza midomo kitatoka kilio cha juu kama cha siwa. Nacho kina mahali pake, ila mngurumo unaoutafuta uko kwenye ulegevu.

Halafu unaniuliza mtu anavutaje pumzi bila kukata sauti. Wewe, mtoto wa pwani! Yule mpiga zumari wa harusini, mashavu yamemvimba kama mahamri, ulidhani anapumulia wapi? Anaweka akiba ya hewa mashavuni. Mashavu yanapoisukuma nje, pua inavuta nyingine. Anza na maji: jaza mdomo, yatoe kwa mchirizi mwembamba huku unavuta pumzi puani. (Uani, tafadhali, si kwenye zulia la shangazi.) Kisha chukua mrija na glasi ya maji, mapovu yasikatike. Mimi ilinichukua miezi mitatu, na kuna siku nilijiona mjinga kabisa.

Mwambie na baba yako anayekoroma. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Uswisi uliohusisha watu 25 wanaokoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Waliojifunza kupiga chombo hiki kwa miezi minne walipungukiwa na usingizi wa mchana. Watu 25 si wengi, kwa hiyo asiache kwenda hospitali.

Mazoezi yote hayo fanyia kwenye bomba la plastiki la fundi maji, mita moja na robo hivi, kingo zake uzisugue kwa msasa. Kile cha mti nilichokuachia kipumzike kwanza. Ule ufa unaouona ubavuni niliusababisha mimi, kwa kukiacha mchana kutwa ndani ya buti la gari. Nilipokipiga jioni kilikohoa tu, hewa inatorokea pembeni. Niliuziba kwa gundi ya mbao, nikakifunga kwa mipira ya baiskeli hadi gundi ikauke, juu nikapaka nta. Kwa hiyo: kisikae juani, wala mbele ya feni au kiyoyozi. Ukimaliza kupiga, kisimamishe mate yachuruzike, usikifungie kwenye mfuko kikiwa na unyevu. Nta ya kwenye mdomo wa chombo ikilegea, ikande kwa vidole. Na vanishi usipake, nakuomba.

Tundu la ndani ya chombo halikuchimbwa na fundi. Mchwa ndio waliokula moyo wa mkaratusi ungali umesimama, fundi akapita msituni akigonga shina na kusikiliza. Wayolngu, wenyeji wa asili wa Arnhem Land, huku kaskazini mwa Australia, hukiita yidaki; hilo la didgeridoo ni jina la Wazungu, waliojaribu kuigiza mlio wake. Kwenye sherehe zao hupigwa na wanaume, pamoja na vijiti viitwavyo bilma na nyimbo za ukoo, na michoro nayo ina ukoo wake. Ndiyo maana sikupendezwa uliposema utaichora kwenye bomba lako na kupiga "nyimbo zao" harusini kwa dada. Bomba liache jeupe. Piga pumzi yako, ngoma ya kwetu ikujibu, mbona inatosha sana.

Mama anakuja huko mwezi ujao, nitampa donge la nta. Liwahi kabla hajaanza kupitishia uzi wa cherehani.

Kaka yako wa Darwin