Siku tatu za Budapest zisigawanywe kwa miji mitatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu makala ya safari mliyoichapisha Jumamosi iliyopita, iliyowashauri wasomaji watumie siku tatu kuzuru miji mikuu mitatu ya Mto Danube, yaani Vienna ya Austria, Bratislava ya Slovakia na Budapest ya Hungaria. Mwandishi wenu ana kalamu nzuri, na picha ya Bunge la Hungaria likimeremeta kwa taa za usiku ilinirudisha palepale nilipowahi kusimama. Tatizo ni kwamba mpango wenyewe ni wa mtu aliyehesabu saa za treni bila kuhesabu miguu ya msafiri. Treni ya kutoka Vienna hadi Budapest, hata isiposimama Bratislava, huchukua zaidi ya saa mbili na nusu. Ukijumlisha muda wa kuwahi stesheni, kurudisha ufunguo wa hoteli, kutafuta hoteli nyingine na kuzoea njia za mji mgeni, anayefuata ratiba ile ataikuta Budapest jua likizama na kuiaga kesho yake kabla hajajua Buda ni ipi na Pest ni ipi.

Na hilo la Buda na Pest, ambalo makala haikuligusa kabisa, ndilo ningelitanguliza mimi. Buda iko magharibi ya mto, nayo ni vilima. Pest iko mashariki, nayo ni tambarare. Hadi mwaka 1873, ilipounganishwa pamoja na mji jirani wa Óbuda kuwa mji mmoja, kila moja ilijitegemea. Daraja la kwanza la kudumu baina yao, lile la minyororo linaloitwa Széchenyi, lilifunguliwa mwaka 1849. Majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakirudi nyuma mwaka 1945 yalililipua, nalo likajengwa upya na kufunguliwa Novemba 1949, miaka mia moja baada ya ufunguzi wa kwanza. Mgeni avuke hapo kwa miguu, hasa sasa ambapo magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kupita. Ataambiwa kwamba mchongaji wa wale simba wanne wa mawe wanaolilinda daraja alisahau kuwawekea ndimi na akajitosa mtoni kwa aibu. Ni porojo tu. Ndimi wanazo, ila ziko ndani sana ya vinywa vyao na mtu aliyesimama chini hawezi kuziona.

Kwa kuwa mto unaukata mji ukielekea kusini, msafiri mwenye siku chache anaweza kupanga kila siku yake kwa kulifuata jua, na huu ndio ushauri ninaoutoa badala ya ratiba yenu. Asubuhi akae Pest: jua litakuwa mgongoni mwake, na Kasri la Buda juu ya kilima cha ng'ambo litaonekana wazi, jiwe kwa jiwe. Tramu namba 2 hupita kando ya mto upande huohuo wa Pest, na kwa bei ya tiketi ya kawaida atapata mandhari ambayo wenye mashua za watalii huiuza kwa bei kubwa. Alasiri avuke kwenda Buda, apande kilimani, kisha jioni ashuke hadi Uwanja wa Batthyány, ulio mkabala kabisa na Bunge. Jengo lile limeupa mto uso wake, kwa hiyo jua la machweo hulipiga moja kwa moja, na taa zinapowaka anakuwa bado yupo, hajakimbilia treni. Kurudi Pest ni kituo kimoja tu cha treni ya chini ya ardhi, inayopita chini ya mto wenyewe.

Kuhusu kuingia ndani ya Bunge, makala ilisema tu kwamba "inawezekana". Inawezekana kwa aliyenunua tiketi mapema, kwa sababu wageni huingizwa kwa makundi yenye kiongozi na nafasi huisha. Halafu raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hulipa kiasi kidogo na sisi wengine hulipa zaidi, jambo ambalo ni afadhali mtu alijue akiwa bado nyumbani kuliko kulijulia dirishani. Ndani, chini ya kuba, limewekwa taji la kale la wafalme wa Hungaria, lenye msalaba uliopinda juu yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia taji hilo lilikuwa mikononi mwa Marekani hadi liliporudishwa mwaka 1978. Kuba lenyewe lina urefu wa mita 96, sawasawa na lile la Basilika ya Mtakatifu Stefano, na wenyeji wanaihusisha namba hiyo na mwaka 896, ambao kwa hesabu zao ndio mwaka mababu wa Wahungaria walipoingia katika nchi hiyo.

Mita mia tatu hivi kusini mwa Bunge, pembezoni kabisa mwa maji, kuna jozi 60 za viatu vya chuma zilizowekwa mwaka 2005. Mwandishi wenu alizitaja katika orodha, kati ya duka la keki na soko. Viatu hivyo ni kumbukumbu ya Wayahudi waliosimamishwa ukingoni hapo na wanamgambo wa chama cha kifashisti cha Hungaria katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakaamriwa kuvua viatu, kisha wakapigwa risasi na kuangukia mtoni. Nilipofika palikuwa na upepo na watu wasiozidi kumi. Kiatu kimoja cha kike kilikuwa kimelala ubavu. Kingine cha mwanamume kilikuwa na kamba zilizolegea, kana kwamba mwenyewe amekivua kwa haraka. Na katika kiatu kidogo cha mtoto mtu alikuwa ametia vijiwe vitatu na ua lililoanza kunyauka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa kike aliinama akamweleza jambo kwa sauti ya chini, na yule mtoto, aliyekuwa akirukaruka muda wote, akatulia na kuanza kuvihesabu viatu kwa kidole. Mahali pale si pa kupewa dakika tano baina ya treni mbili. Tena anayeshuka kutoka Bunge ajihadhari na barabara ya kando ya mto, maana magari hupita kwa kasi.

Sasa nije kwenye makosa mawili ambayo yatawagharimu wasomaji fedha. Mliwahimiza waanzie mapumziko yao katika hamamu maarufu ya Gellért. Hamamu hiyo ilifungwa Oktoba 2025 kwa ukarabati mkubwa ambao umepangwa kuchukua miaka kadhaa. Maji moto ya asili bado yapo tele: kuna hamamu ya Széchenyi, yenye jina moja na lile daraja, iliyofunguliwa mwaka 1913, yenye mabwawa ya nje ambamo watu hukaa hadi shingoni hata siku za theluji, na hufikiwa kwa reli ndogo ya chini ya ardhi iliyoanza kazi mwaka 1896, ya kwanza katika Ulaya bara. Mimi ningemshauri msomaji aende hamamu ya Rudas, chini ya Kilima cha Gellért upande wa Buda. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, walioitawala Buda kuanzia 1541 hadi 1686, ndio waliojenga bwawa lake la pembe nane katika karne ya 16, na mwanga huingia humo kupitia matundu madogo ya vioo vya rangi yaliyotobolewa kubani. Abebe ndala zake. Na kwa kuwa wasomaji wenu wengi ni Waislamu, ingefaa pia mlitaje kaburi la Gül Baba, dervishi (mfuasi wa tarika ya Kisufi) aliyefariki Buda mwaka huohuo wa 1541, ambalo lipo kilimani karibu na Daraja la Margit na bado huzuriwa.

Kosa la pili ni kuwaambia watu wabebe euro "kama kwingineko Ulaya". Hungaria ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 2004, lakini fedha yake ni forinti. Wapo wenye maduka wanaopokea euro, ila kwa kiwango wanachojipangia wenyewe, na mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama unataka ikukatie kwa fedha ya nchi yako, jibu la kheri ni hapana: chagua forinti. Tiketi ya karatasi ya safari moja nayo ni lazima igongwe katika kijimashine cha mlangoni. Mimi niliinunua, nikaitia mfukoni kwa uangalifu mkubwa, nikapigwa faini nikiwa na tiketi halali mkononi. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hununua tiketi ya saa 72, ambayo haihitaji kugongwa.

Kuhusu viza mlieleza vizuri kwamba moja ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani baina yao, inatosha kwa nchi zote tatu. Hamkusema iombwe wapi. Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo mtu atakaa siku nyingi zaidi, na siku zikiwa sawa, kwa ile atakayoingia kwanza. Kwa ratiba yenu, inayoanzia Vienna, hiyo ni Austria, na kwa anayekubaliana na barua hii ni Hungaria. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, ada ya mtu mzima ni euro 90 ambazo hazirudishwi hata akinyimwa, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Ninajua kwamba toleo lijalo mtachapisha sehemu ya pili ya makala, yenye orodha ya hoteli. Naomba marekebisho ya Gellért na ya forinti yatangulie ukurasa huo, kwa sababu wapo wanaokata tiketi na kulipia vyumba kwa kuliamini gazeti lenu, na miadi ya viza haisubiri.

Msomaji wenu wa siku nyingi