Shukrani kwa dada wa pale Temeke

Dada uliyekaa nasi kwenye benchi nje ya ofisi ya ustawi wa jamii, Temeke, asante sana. Jina lako hatukulishika, lakini maneno yako tunaishi nayo.

Mimi na mume wangu tunaomba kuwa walezi wa kambo, yaani kumlea kwa muda nyumbani kwetu mtoto wa watu wengine, na tuna binti wa miaka 4. Ndugu wengi walitushauri tusubiri kwanza akue. Wewe uliyekwisha kulea hukututisha wala hukutudanganya. Ulitueleza Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwamba afisa atafika nyumbani kuona tunavyoishi, na kwamba malezi ya kambo si kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wako kisheria. Kuasili kunaamuliwa mahakamani. Mtoto wa kambo anaweza kurudi kwa ndugu zake.

Hilo la kurudi ndilo lililotuelemea. Ukamvuta binti yetu karibu, ukamfunga upya kibanio kilicholegea huku ukimwambia: "Atakuja mwenzako. Mtacheza, mtagombana. Kwao wakiwa tayari, mtamsindikiza." Akauliza kama atakuja na nguo. "Labda hana. Utampa zipi?"

Tangu siku hiyo anatenga nguo zake. Gauni la njano tu ndilo amekataa katakata kulitoa, nasi tumemwachia, maana ulisisitiza kuwa mtoto wa nyumbani naye abaki na vyake.

Mungu akuzidishie, dada yetu. Mtoto akifika, tungefurahi mno uje umwone.