Kifaranga hali chakula, halali usingizi: tazama chungu na taa kabla ya dawa

Mama mmoja wa Mikindani alitupigia simu saa nane usiku. Vifaranga hamsini aliochukua kwetu, sisi wauza vifaranga, siku sita nyuma walikuwa wanalia, chakula hawagusi, na jioni alishanunua antibayotiki. Tukamuuliza: taa umezima? Hakuzima. Balbu inawaka juu yao, chungu cha mkaa kimepoa, na upepo wa kusi unavuma.

Ubongoni mwa kifaranga kuna tezi ndogo. Mchana hujaa serotonini, kemikali ya ubongo. Giza likiingia, serotonini hiyo hugeuzwa melatonini, inayouambia mwili kuwa usiku umefika. Kwa ndege, mwanga hupenya fuvu na kuifikia tezi yenyewe. Kwa hiyo kifaranga akifumba macho chini ya balbu kali, ubongo wake bado unaona mchana.

Njaa nayo ina kemikali zake. Nyuropeptaidi Y humsukuma kudonoa. Akipigwa na baridi au akitengwa na wenzake, ubongo humwaga homoni ya msongo, hamu ya kula ikakatika. Na si zote zinafanya kazi kama kwetu: homoni ya grelini humtia mtu njaa, lakini kwenye ubongo wa kifaranga hupunguza ulaji. Ndiyo maana tunakusihi usichanganye vidonge vya watu vya kuleta hamu kwenye maji ya kuku.

Siku tatu za mwanzo acha taa karibu muda wote, wajue chakula na maji viko wapi. Baada ya hapo wape giza, saa nne hadi sita kila usiku. Joto litoke kwenye chungu, nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na banda lipitishe hewa, maana moshi wa mkaa unaua.

Kabla ya kuzima, shika kifaranga mmoja mmoja, hata kumi tu, upapase gole, yaani kifuko cha chakula chini ya shingo. Likiwa limejaa na laini, amekula na kunywa. Likiwa gumu, maji hayatoshi. Likiwa tupu, rudi kwenye joto. Wakilala wametawanyika, shingo zimenyooka juu ya maranda, wako salama. Wakirundikana, wanasikia baridi.

Mama yule aliwasha mkaa, akapunguza taa kidogo kidogo. Alfajiri akatutumia sauti: midomo inadonoa sahani, hakuna anayelia.

Kwa wateja wa Mtwara mjini na Mikindani, jioni ya kwanza tunakuja na kipimajoto, bila malipo.