Mizabibu ya Mzee, Usiing'oe Kwanza

Pantelleria, Italia
Septemba

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Mimi mzima, ila vidole vimechanika kwa kuvuna. Ujumbe wako niliusoma mara mbili usiku ule ule: kwamba mvua zikianza utang'oa mizabibu yote ya Makutupora, zabibu yetu ya Dodoma, aliyoiacha marehemu mzee pale Hombolo, upande mbegu za Kifaransa, kwa kuwa mnunuzi mmoja amekwambia majina hayo ndiyo yanayouzika. Sikulala vizuri. Nimeona nikuandikie barua, maana jambo hili halitoshi kwenye simu.

Zabibu ninayovuna huku inaitwa Zibibbo. Hebu litamke taratibu. Ni neno letu lile lile! Waarabu wanasema zabib. Watu wa kisiwa hiki wakalipokea kwa njia yao, sisi kwa yetu. Kisiwa chenyewe kiko karibu na Tunisia kuliko Sicily, Waarabu walikitawala zamani, na hadi leo vijiji vinaitwa Khamma, Gadir, Bukkuram. Siku ya kwanza mwenye shamba aliponionyesha shada akalitaja, nami nikajibu "zabibu", alinishika bega akacheka kwa furaha kama aliyekutana na jamaa.

Ungeliona shamba ungeshangaa. Hakuna nguzo wala waya. Kila mzabibu uko ndani ya kishimo chake, umepogolewa mfupi, matawi yametandaa pande zote kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na juu hauzidi goti langu. Ni upepo, ndugu yangu. Hapa unavuma karibu kila siku, na mzabibu mrefu ungekatwa maua kabla hayajashika. Mto nao hakuna. Kishimo ndicho kinachotunza mvua kidogo na umande wa usiku, kama vile paa za nyumba zao zilivyojengwa kwa mviringo ili maji yateremke hadi kwenye birika chini. Udongo ni wa volkano, kuta ni za mawe yaliyopangwa bila saruji, na trekta haina pa kupita. Mwenye shamba ni mzee, mgongo umepinda, lakini kupogoa hamwachii mtu. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utamaduni huu katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Hawakuorodhesha chupa, waliorodhesha ujuzi wa mikono ya wakulima.

Zabibu za kwanza, za Agosti, tulizianika juani wiki kadhaa, tukizigeuza kwa mkono. Zile za baadaye hukamuliwa, na mchuzi ukiwa unachacha wanatumbukiza humo zilizokauka, baada ya kuzichambua kutoka kwenye vikonyo. Mvinyo wake wanauita Passito. Nilipewa kidogo: asali, ganda la chungwa, na mwishoni kama chumvi ya bahari.

Na mbegu hii si ya asili ya hapa. Ililetwa; kwingine huitwa Muscat of Alexandria. Ila kishimo, upepo na watu wameifanya yao.

Nikupe na kisa cha kaskazini, Piedmont, vilima vya Tortona. Kulikuwa na zabibu nyeupe ya kwao, Timorasso. Ilizaa kwa kusuasua, wakulima wakaiacha wakapanda Cortese inayojaza kapu. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa karibu kutoweka. Mkulima wa Monleale, Walter Massa, akabaki na yake, na mwaka 1987 akatengeneza mvinyo wa Timorasso tupu. Leo majirani wanaipanda upya, na wanunuzi wanakwenda vilimani humo kwa ajili yake. Kama naye angeng'oa, vipando vingetoka wapi?

Sikufichi: Tuscany wako waliopanda Cabernet ya Ufaransa na ikawatajirisha. Lakini wewe Cabernet yako itasimama rafu moja na ya Chile na ya Afrika Kusini, nao wana mitaji. Makutupora nani mwingine anayo?

Tena niliwaambia wavunaji wenzangu huku kuwa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Waliacha kukata, wakaniuliza nirudie. Wao Agosti ikiharibika, wanasubiri mwaka mzima.

Nakuomba haya tu. Kama lazima upande mbegu mpya, panda kule chini kulikokuwa na mtama. Mistari ya juu, ile aliyoichimba mzee mwenyewe, iache. Mavuno ya Februari tenga mchuzi wake kwenye tangi la peke yake, usiuchanganye na wa wengine. Nitafika mwishoni mwa Novemba, nishike mkasi nikusaidie kupogoa. Nisubiri.

Msalimie mama sana, na watoto. Nijibu umeamua nini kuhusu mistari ya juu.

Wako daima,
rafiki yako wa Pantelleria